Mofini iwafikie wagonjwa wa saratani vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie huduma shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, kwa wagonjwa wa saratani. Mama yangu alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Hospitali ilipotueleza kuwa tiba imefika mwisho, tulirudishwa nyumbani na panadol tu, naye usiku akawa anauma upindo wa kanga ili wajukuu wasimsikie. Nafuu aliipata kwa wauguzi wa hospisi, huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Walimletea mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, pamoja na dawa ya kulainisha choo, wakatufundisha kumpimia kila baada ya saa nne. Akalala. Akaanza hata kudai chai ya tangawizi na kutugombeza kuhusu sukari.

Wapo wanaodhani mofini humwahisha mtu kaburini. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haifanyi hivyo. Uganda iliwaruhusu tangu 2004 wauguzi na matabibu waliosomea huduma hii kuiandika bila kumsubiri daktari. Naishauri Wizara yetu ya Afya ifuate utaratibu huo, ianze na vituo vya afya vya vijijini, ambako kumpata daktari ni bahati.

Mfiwa,
Moshi