Daftari la nyanyako

Mwanangu mpenzi, salamu sana. Meseji yako nimeipata, ati mwalimu ametaka tarehe 23 Aprili kila mtu aje na kitabu cha kwao awaonyeshe wenzake, na wewe ukasema "mama, si sisi hatuna vitabu". Imeniuma, lakini sikulaumu, ni mimi sijakuonyesha.

Hiyo tarehe UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, waliichagua 1995 iwe Siku ya Vitabu Duniani, kwa sababu ya waandishi kina Shakespeare na Cervantes waliokufa 1616. Haya, sawa. Lakini na huku kwetu kulikuwa na Siyu, pale kisiwani Pate, upande wa Lamu, watu wanakaa wananakili misahafu kwa mkono, jani baada ya jani, wino mweusi na mwekundu na nakshi pembeni, na karatasi yenyewe imevuka bahari kufika hapo.

Na kisiwa hichohicho kilizaa mama anaitwa Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858, maradhi yamemshika mwaka mzima, akamwita bintiye Mwana Hashima aje akae mbele yake na wino na karatasi. Hebu fikiria mwanangu, hakumwambia njoo usikilize tu, alimwambia njoo na wino! Basi ule utenzi aliomtungia bintiye kumuusia, beti zaidi ya 100, ukatembea kwa wanawake, huyu ananakili kwa yule, mwengine anauhifadhi kwa moyo, miaka na miaka kabla haujapigwa chapa. Yale ya mke na mume aliyoyasema humo mengine tutabishana mimi na wewe, na natamani sana tubishane.

Sasa nyanyako shule hakwenda, alisoma chuo cha Kurani tu, lakini aliunakili wote kwenye daftari, herufi za Kiarabu maneno Kiswahili. Usiku baada ya isha alikuwa akiusoma kwa sauti, mashoga zake wako mkekani, na mimi nimejifunika najidai nimelala kumbe nasikiliza kila kitu.

Hilo daftari nimelifunga kwenye leso, mjombako atakuletea Jumamosi. Lifunue wewe mwenyewe, usiache lipite mkono kwa mkono, jani la mwisho limeshaachana. Linaanzia kulia. Kama hutaweza kulisoma usione haya, waambie ni la nyanyako aliandika kwa mkono wake, inatosha.

Nikija kukutembelea tutakaa chini ya ule mwembe nikusomee. Uje na daftari jipya na kalamu, mimi nasoma wewe unaandika kwa herufi zako.

Mamako