Wapagani nao wana seminari

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Mchungaji wangu, kamwene!

Baridi ya Uyole mwezi huu imenifanya nivae koti mpaka jikoni, kwa hiyo ukiona mwandiko unayumba usidhani ni uzee. Ujumbe wako nimeupata. Maneno matano na vicheko visivyohesabika: "Kwani wapagani nao wana seminari?" Nikaona kwenye simu hatutamaliza. Nimechemsha chai, nimekaa mezani, watoto wamelala.

Jibu fupi ni kwamba wanazo. Refu linaanzia kwenye sanduku la marehemu baba mdogo, lile la bati. Tulipolifungua baada ya arobaini nilikuta karatasi ya shule ya baba yangu, imekatika kwenye mikunjo. Kwenye nafasi ya dini ya mzazi, mtu mwenye mwandiko mzuri sana ameandika: Mpagani. Huyo ni babu. Babu ambaye hakuwahi kuonja pombe mpya bila kuwamegea waliotangulia, aliyesali kuliko mimi ninayekaa benchi la mbele kwa Wamoraviani. Hakuna aliyemuuliza anajiitaje.

Sasa mwezi uliopita nikapata mgeni kutoka Uingereza, mwalimu wa kemia, rafiki wa rafiki, alikuja kupanda Mlima Rungwe na kuona Ziwa Ngosi. Alikaa kwetu siku sita. Siku ya pili mama watoto akamuuliza anasali wapi ili Jumapili tumpeleke. Akajibu bila haya kwamba yeye ni mpagani. Mama watoto akaniangalia mimi kana kwamba nimekosea kutafsiri. Jina alilobandikwa babu yangu kama doa la wino, huyu amelichagua na analilipia ada!

Ada yenyewe ni ya masomo. Yuko kwenye shirika la Madruidi, watu wanaofuata mfano wa makuhani wa kale wa Uingereza; jina lake ni Order of Bards, Ovates and Druids, kwa kifupi OBOD, na masomo yao yanakuja kwa posta au kwa intaneti, ngazi tatu: Bardi, kisha Ovati, kisha Druidi. Yeye yuko ngazi ya kwanza, ile ya mashairi na hadithi. Ana mshauri wa kumwandikia, anamweleza alichoona na alichokwama, mwenzake anamjibu. Kila asubuhi alitoka na kigoda akakaa chini ya mparachichi wetu, kimya, macho yamefumbwa nusu. Siku ya tatu kuku wakamzoea. Majirani hawakumzoea.

Hapo ikabidi nimweke chini kama dada yangu. Nikamwambia: huko kwenu kuna wapagani wanaojiita wachawi kwa fahari, na sheria yenu ya zamani ya uchawi mliifuta mwaka 1951, ndipo Gerald Gardner na wenzake wakatoka hadharani na dini yao ya Wicca. Sisi yetu ni ya mwaka 1928 na bado iko kwenye vitabu. Lakini shida kubwa haiko hata kwenye sheria. Katika nchi hii bibi akiwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini anaweza kuuawa kwa neno hilo. Kwa hiyo chini ya mparachichi kaa unavyotaka, ila neno hilo la uchawi usilitafsiri mbele ya mtu. Alinyamaza muda mrefu. Kesho yake alikaa ndani.

Turudi kwenye swali lako. Nilimbana kama ulivyokuwa unanibana wewe bwenini, na nilichokipata kimenikaa kichwani kuliko nilivyotarajia. Hizi dini zao za sasa ni za juzi tu. Hazina askofu, hazina sinodi, na wengi wa viongozi wao hawalipwi. Mchana ni wauguzi na mafundi wa kompyuta, jioni ndiyo makuhani. Nani atamfundisha kuhani wa namna hiyo? Wicca wana madaraja matatu, na desturi ya kumsubirisha mtu mwaka mmoja na siku moja kabla ya kumwingiza. Marekani kuna chuo cha masafa kiitwacho Cherry Hill Seminary. Hiyo ndiyo seminari uliyoicheka. Kinafundisha mambo ambayo wewe ulifundishwa, ushauri wa kiroho na maadili ya kiongozi.

Kuna mmoja wao angekufurahisha, Isaac Bonewits. Chuo Kikuu cha California pale Berkeley kilimpa digrii mwaka 1970, na cheti kimeandikwa kwamba amesomea uchawi. Naona unavyojishika kichwa. Lakini mtu huyo alikuwa na akili pevu. Mwaka 1979 alitoa orodha ya kupima kundi lolote la dini, likiwemo lake mwenyewe: kila kipengele unakipa alama, kuanzia moja hadi kumi, na kadiri zinavyopanda ndivyo hatari inavyozidi. Kiongozi anawatawala watu kiasi gani? Fedha je? Anataka miili ya waumini? Anayetaka kuondoka anazuiwa? Na kimoja kilichonichekesha: je, ni ruhusa kulifanyia kundi utani? Usiku ule nilikaa nikapima kikundi kimoja cha maombi cha hapa mjini, hakina haja ya kutajwa, kile alichokwenda shemeji yangu akarudi bila pikipiki. Kwenye utani peke yake nimewapa tisa.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni jambo jingine. Lile shirika la mgeni wangu lilianzishwa na Ross Nichols mwaka 1964. Nichols akafa mwaka 1975, na shirika likalala. Likaja kuamshwa mwaka 1988 na Philip Carr-Gomm, mwanafunzi wake, na yeye ndiye aliyeyapanga masomo ya posta. Mwaka 2020 akamkabidhi kiti mwanamke, Eimear Burke, naye akiwa hai na afya yake. Nilimuuliza mgeni, ngazi zote tatu hizo, ni ipi inafundisha kuondoka? Akacheka, akasema hilo somo hajalifikia.

Unakumbuka mizinga ya baba yako kule Mafinga? Wicca kundi likikua mno hugawanyika, na wao wenyewe hutumia mfano wa nyuki: aliyefika daraja la tatu anatoka na wachache kuanzisha mzinga wake. Mzee wako angewasahihisha. Kwenye nyuki anayetoka ni malkia mzee. Binti ndiye anayeachiwa nyumba yenye asali.

Nakwambia haya kwa sababu mimi mwenyewe nimenaswa. Baba mdogo alipofariki mwezi wa tatu, ukoo umekaa mara mbili pale nyumbani Rungwe, na mara ya pili wamenitaja mimi. Nikae kwenye kile kiti chake. Niwakusanye watu kwenye makaburi kule migombani, niamue mipaka, niseme maneno kwa niaba ya wote. Nikawaambia sijasomea. Mzee mmoja akanijibu kwamba nilisomea miaka kumi na mmoja, sikujua tu.

Nimelifikiria jibu hilo mpaka limenichosha. Ni kweli nilikuwa katibu wa baba mdogo, naandika mahudhurio na michango. Nilidhani kazi yangu ni daftari. Ila nikufumbue macho sasa uone alivyofanya. Kabla ya kutaja jina la marehemu yeyote alikuwa anauliza, "Nani ana neno?" Halafu anasubiri. Hakohoi, hatazami saa. Kwetu mtu akiwa na hasira moyoni na hakuisema, sala haiendi popote, na yeye hilo alilichukua kwa uzito wote. Mwaka mmoja tulikaa kimya mpaka kivuli cha mgomba kikatoka mguuni kwangu kikafika mlangoni. Mwishowe shangazi akapasuka: migomba sita, kaka yake alimhamishia mpaka tangu mwaka wa njaa. Migomba sita! Watu wakalia. Baba mdogo akatania kwamba kama ni ndizi, yeye ana deni la watu wote pale. Wakacheka huku wakilia, ndipo wale wawili wakaletewa sahani moja wakale. Sala yenyewe haikuchukua hata dakika tano.

Hicho hakimo kwenye daftari langu. Niliandika: "Ugomvi wa mpaka, umeisha."

Kwa hiyo tofauti na Waingereza hawa, sisi tulikuwa nayo shule, ila haikuitwa shule. Zamani za Wanyakyusa mtoto wa kiume wa miaka kumi hivi alitoka kwa baba yake, akaenda na wa rika lake kujenga vibanda vyao pembeni, kijiji chao wenyewe. Chakula walikula kwa mama zao, kundi zima leo kwa huyu kesho kwa yule, na jioni ni mazungumzo, ndiyo ile tunaita ukwangala. Kuishi na watu bila kuwachosha, huko ndiko kulikofundishwa. Na mara moja kila kizazi ilifanyika ubusoka, kutoka: watoto wa chifu wanakabidhiwa nchi, wakuu wapya wa vijiji wanateuliwa, miti inapandwa, na wazee wanasogea kuwapisha. Wanasogea! Baadaye ardhi ilibana, vijiji vya rika vikafa, na mwaka 1963 serikali ikafuta uchifu. Tukabaki na kukaa kwenye kiti mpaka mtu azikwe nacho.

Nimekubali, Mchungaji, kwa masharti mawili, na wazee wamenuna kwa la pili. La kwanza ni miaka saba, haiongezwi. La pili, katibu awe binti wa kaka yangu, yule aliyesoma kilimo hapa Uyole. Wakasema mwanamke ataolewa aende zake. Nikawauliza shangazi wa migomba sita alikwenda wapi.

Kikao cha kwanza kilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilimwambia asiandike michango tu, aandike na nani alinyamaza. Usiku akanionyesha ukurasa. Majina mawili. Mmoja nilimjua. Wa pili alikuwa mdogo wangu mwenyewe, tumbo moja, na nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega.

Sasa ombi langu. Wewe ulifundishwa darasani jinsi ya kukaa na mtu mwenye kidonda bila kumwahi kwa maneno. Mimi nina mdomo wa mwalimu, kimya cha nusu dakika kinaniwasha. Nataka uje siku mbili, unifundishe hicho tu. Usije na kola, maana wazee watadhani umekuja kunibatiza upya, na askofu wako atadhani nimekupaganisha. Tukutane hapa Uyole kwanza, tupande Coaster ya Tukuyu pamoja. Mgeni naye ameacha karatasi za somo lake moja, linahusu kusikiliza; nimelisoma mara mbili na kuna mahali nataka ubishane nalo mbele yangu.

Mdogo wangu bado sijamfuata. Nasubiri uje.

Leta asali ya Mafinga, ile nyeusi. Mama watoto anakusalimu na anauliza kama bado huli mbalaga.

Ni mimi, katibu wako wa bweni

Nimesahau: yule binti ameandika na wewe kwenye orodha ya wageni, mbele ya jina ameweka alama ya kuuliza kwenye nafasi ya dini. Nimemwambia atakuuliza mwenyewe.