Miaka 30 ya Omukama Oyo: Tuwajengee Wadogo Wetu Darasa

Ndugu zetu, wana wa Tooro, ufalme wetu wa magharibi mwa Uganda, mlio nyumbani na mlio mbali, wakwe na mashemeji, na majirani wote mliowahi kunywa maji ya kijiji hiki,

Tunawasalimu kwa empaako zenu, yale majina yetu ya heshima na upendo. Abwooli, Akiiki, Atwooki, Adyeri, Amooti, Araali, Apuuli, hamjambo huko mliko? Na ninyi mliooa au kuolewa kwetu mkapewa empaako ukubwani, salamu hii ni yenu vilevile. Kwetu mtu akishapewa empaako hawi mgeni tena.

Safari hii tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu barua inakwenda mbali. Itasomwa Nairobi na Dar es Salaam, itavuka mto Semliki hadi Beni na Bunia kule Kongo, itawafikia binti zetu walio kazini Doha na Muscat. Wengi wenu mmejaliwa watoto wasiojua Rutooro, ila Kiswahili wanakielewa. Nami ninayeshika kalamu kwa niaba ya kamati ndicho ninachofundisha hapa shuleni.

Tarehe 12 Septemba mwaka huu wa 2025, Rukirabasaija Omukama Oyo Nyimba Kabamba Iguru Rukidi IV, mfalme wetu, atatimiza miaka 30 ya utawala. Kila mwaka siku hiyo ni Empango, sikukuu ya kutawazwa kwake, na ngoma zilizoipa sikukuu jina lake hulia kule Karuzika, jumba la mfalme juu ya kilima cha Fort Portal, watu wakapanda kutoka kila upande. Lakini miaka 30 haiji kila mwaka. Ndiyo maana tangu Mei kijiji chetu kimekuwa kikikaa vikao, tukijiuliza sisi tutaiadhimishaje.

Kikao cha kwanza karibu kivunjike. Vijana walitaka jukwaa na spika kubwa za kukodi kutoka mjini. Wazee walitaka fahali wawili na mahema. Watu walikuwa wameshaanza kuhesabu viti, ndipo Bibi Akiiki, ambaye wengi wenu mlilelewa mgongoni mwake, akainua fimbo yake akaomba nafasi. Aliuliza swali moja: "Omukama alipotawazwa alikuwa na umri gani?" Tukamjibu kwamba alikuwa na miaka mitatu na miezi kama mitano. Akanyoosha fimbo kuelekea shuleni. "Na wetu wa miaka mitatu wamekaa wapi sasa hivi?"

Hakuna aliyejibu, maana wote tulikuwa tunawaona. Walikuwa wamekaa kwenye varanda ya darasa la pili, juu ya magunia, migongo ukutani.

Ndugu zetu, hilo ndilo tunalowaomba leo. Darasa la chekechea, lenye paa na sakafu na mlango unaofungwa, liwe ndiyo zawadi ya kijiji hiki kwa jubilei ya mfalme wetu.

Mlio na umri wangu mnaukumbuka mwaka 1995. Omukama Patrick Kaboyo Olimi III alifariki tarehe 26 Agosti, miaka miwili tu baada ya ufalme kurudishwa. Tulikuwa tumekaa bila mfalme tangu 1967 serikali ilipofuta falme zote za Uganda. Tukaupata tena 1993, na kabla hatujazoea, msiba ukatufika. Siku 17 baadaye, saa nane za usiku, kijana mdogo aliyezaliwa Aprili 1992 akafikishwa kwenye lango la Karuzika. Pale langoni palikuwa na vita vya kuigiza vya kimila, jeshi la mfalme likipambana na la mwanamfalme muasi. Kisha mtunza vifaa vya ufalme akaiita miungu impige mtoto yule kama si wa damu ya kifalme. Alipopita jaribio hilo akaruhusiwa kuliza kengele za Nyalebe, ngoma takatifu ya Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi yetu, kama walivyofanya baba zake. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshatawazwa. Chakula chake cha kwanza akiwa mfalme kilikuwa ugali wa ulezi, uleule tunaokula sisi.

Mtoto wa umri huo anatakiwa awe amelala usiku ule. Fikirieni uzito wa taji lile kwa shingo ya mtoto. Lakini hakuachwa peke yake. Mama yake, Malkia Best Kemigisa, alikuwepo, shangazi yake Elizabeth Bagaaya alikuwepo, wasimamizi walikuwepo kumwongozea ufalme hadi alipotimiza miaka 18, Aprili 2010. Watu wazima walimzunguka mtoto mmoja, wakamshika mkono miaka 15, na leo tuna mfalme. Wa kwetu wako 64, na hawaombi taji.

Nataka mlione jambo hili kwa karibu, kwa sababu picha tuliyotuma kwenye simu haionyeshi kila kitu. Jumanne iliyopita, kama saa tano asubuhi, wingu lilishuka kutoka Ruwenzori kama mnavyolijua, ghafla na kwa kishindo. Mwalimu wa chekechea alikuwa anawafundisha kuandika herufi "a". Ubao wao ni ukuta wa nje wa darasa la pili, na chaki yao siku nyingine ni kipande cha mkaa. Mvua ya upepo ikaingia varandani. Watoto wanajua la kufanya bila kuambiwa. Kila mmoja alinyanyuka, akakunja gunia lake, akaliweka kichwani, wakajipanga wakiwa wamebana ukuta. Kitoto kimoja cha kike kilibaki kimechuchumaa mbele kabisa, kimeifunika herufi yake kwa viganja viwili. Alikuwa ameiandika kwa kijiti kwenye vumbi, na hakutaka mvua iifute. Mwalimu alimbeba, mtoto huku analia, mkono mmoja bado umeelekea chini.

Sikuweza kuendelea na kipindi changu. Jioni ile ndiyo nilipoanza kuiandika barua hii.

Sasa tuseme tulipofika. Hatukukaa tukingoja. Vijana walewale waliotaka spika wamefyatua na kuchoma matofali wenyewe, tanuri mbili, kuni tukachanga kila nyumba. Kuta zimefika usawa wa madirisha. Mchanga umetolewa mtoni na akina mama, kila Jumamosi, ndoo kichwani. Mzee mmoja aliyetuomba tusimtaje ametoa kipande cha ardhi nyuma ya shule, na hati ya makubaliano imeandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kanisa limetoa sadaka ya Jumapili mbili. Ndugu zetu wa msikiti walikusanya yao Ijumaa baada ya sala, wakaleta na mafundi wawili watakaofanya kazi siku nne bila malipo.

Kilichotushinda ni kile kinachouzwa dukani. Mabati 70, kwa shilingi 55,000 za Uganda kila moja, ni 3,850,000. Saruji mifuko 90 kwa 36,000 ni 3,240,000, ya kumalizia kuta, kupiga lipu na kumwaga sakafu. Mbao za paa ni 2,400,000. Milango na madirisha ya chuma, 1,900,000, na hapa tusingependa kubana, kwa sababu mlango mbovu ndio uliotuibia madawati mwaka juzi. Ufundi, 2,600,000. Jumla yake ni 13,990,000. Mkononi tuna 4,150,000. Tunatafuta shilingi 9,840,000.

Ukiitazama yote kwa pamoja inatisha. Ila bati moja ni kama shilingi 2,000 za Kenya. Familia ikichukua bati moja, nyingine ikachukua mfuko wa saruji, chama cha akina mama wa Nairobi kikachukua mlango, tutafika. Aliye na kidogo atume kidogo. Mwaka wa harambee ya tangi la maji, mchango wa kwanza kutufikia ulikuwa wa kijana mmoja aliyekuwa anasukuma mkokoteni Kampala, na kwenye daftari jina lake ndilo la kwanza.

Nikigusa harambee ile, lazima niseme na lililotuuma. Wengi mlichanga, na hesabu haikusomwa hadharani. Tangi lipo, maji yapo, lakini miezi ilipita bila mtu kuwaambia kila shilingi ilikwenda wapi, na baadhi yenu mlivunjika moyo. Mlikuwa na haki. Tuliokuwa kwenye kamati tulikosea, na tunawaomba radhi. Safari hii fedha haitoki bila saini za watu watatu: mweka hazina, mwalimu mkuu na Bibi Akiiki mwenyewe, ambaye hajui kusoma ila anajua kuuliza. Kila mchango una risiti. Kila Jumapili jioni ukurasa wa daftari unapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la kijiji, mapato na matumizi. Siku ya sherehe hesabu itasomwa kabla ya chakula.

Wako watakaouliza, kijiji chenye mashamba ya chai na migomba kinaombaje msaada wa paa? Tuwakumbushe habari ya Karuzika yenyewe. Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, jumba lile liliporwa, likabaki gofu. Wengi wetu tumekua tukiliona vile, kuta tupu juu ya kilima. Lilipokarabatiwa mwaka 2001, msaada ulitoka mbali, kwa Muammar Gaddafi wa Libya. Ikiwa nyumba ya mfalme wetu iliezekwa kwa mkono wa rafiki wa mbali, sisi hatuoni haya kuwaomba ninyi mlio damu yetu.

Chakula msikifikirie. Hatuombi hata senti ya chakula. Ulezi umevunwa, na ugali utakuja ndani ya endiiro, kikapu chake, kama inavyotakiwa. Firinda itapikwa na akina mama wa upande wa juu, maharage yamenywe maganda usiku kucha na samli iwe ya kwetu. Wazee wamepunguza fahali wawili wakawa mmoja, na thamani ya yule wa pili imeshaingia katika zile milioni nne. Spika kubwa hatukodi. Ngoma tunazo, na mbili zilizopasuka zimewambwa ngozi mpya, zinakauka sasa kwenye ua wa shule. Watoto wa darasa la sita wanazichungulia kila mapumziko kuona kama zimeiva.

Ijumaa tarehe 12 tutakwenda Karuzika pamoja na Tooro nzima. Lori litaondoka shuleni saa kumi na mbili asubuhi. Wenzetu Waislamu wataswali Ijumaa mjini, na lori litawasubiri. Jumamosi tarehe 13 ndiyo siku yetu ya kijiji na ndiyo siku ya harambee. Tutaanza saa nne kwa maombi, kasisi na imamu pamoja. Wimbo wa watoto utafuata, kisha hesabu, kisha michango ya papo hapo, halafu chakula na ngoma mpaka jua lizame. Mgeni asiyejua empaako yake aje mapema, wazee watakuwa wamekaa chini ya mwembe kumpa moja.

Hata hivyo, msingoje Jumamosi hiyo kutuma. Mvua za Septemba hazina subira, na muhula wa tatu unaanza katikati ya mwezi. Fundi ametuambia wazi kwamba mabati yakiwa hapa kufikia tarehe 20 Agosti, paa litakuwa juu kabla ya Empango, na watoto watafanyia mazoezi ya wimbo wao ndani ya darasa lao. Yakichelewa, kuta zitapigwa na mvua hadi Desemba.

Namba ya mweka hazina imo kwenye kadi iliyoambatana na barua hii. Ukituma, andika jina lako na empaako yako, tuiandike daftarini na tuisome kwa usahihi. Mlioko Doha na Muscat, mnaweza kukusanya pamoja mkatuma mara moja, mtapunguza makato. Mlioko Beni na Bunia, mpeni dereva wetu wa siku zote anayekuja sokoni, naye atawarudishia risiti safari inayofuata. Asiye na fedha lakini anakuja, alete nyundo. Kazi ya kupaua imepangwa Jumamosi tatu za mwisho za Agosti, kuanzia saa moja asubuhi, na uji utakuwepo.

Wenu,
Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Jubilei ya Kijiji na Shule
Julai 2025