Mwenye leseni ya uvuvi ajue kumfufua aliyezama

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na halmashauri zetu, TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini) na wenye mitumbwi wa Mkoa wa Mwanza. Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi hapa Ilemela, kutwa nipo mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Mtu akiopolewa ziwani, kwetu kinachofuata ni kile kile. Anashikwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini. Mwingine anamkandamiza tumbo ili maji yatoke. Halafu inaitwa bodaboda, mgonjwa anabanwa katikati ya dereva na mtu wa nyuma, mbio hospitali. Kwa mapenzi yote hayo, dakika zinaliwa bure. Maji ya tumboni siyo yanayomuua. Kinachomuua ni kukosa hewa mpaka moyo ukasimama, na ukimminya tumbo matapishi yanapanda na kuingia kwenye mapafu. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika ndani ya dakika nne hivi, na juu ya bodaboda hakuna awezaye kumbonyeza mtu kifua.

Mafunzo ya huduma ya kwanza niliyapata nikiwa kibarua mgodini, upande wa Geita. Yamenifaa mwaloni kuliko kule. Mwaka jana alfajiri aliletwa kijana wa dagaa, midomo ya bluu, kila baada ya kitambo anafungua kinywa na kukoroma. Watu wakasema, "Muacheni, anapumua huyo." Hapo ndipo wengi wanapopotea! Mkoromo wa namna ile si kupumua, ni dalili kwamba moyo umesimama. Nilimlaza chali kwenye mchanga mgumu, nikainua kidevu, nikamziba pua na kumpulizia pumzi kwanza, maana aliyezama anadai hewa kabla ya yote. Kisha kiganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, mara 30, pumzi 2, tena 30. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimita 5 au 6 kwa mtu mzima na kiachiwe kirudi chote. Asiyefundishwa anaogopa kwenda kina hicho. Mama mmoja mwanika dagaa alikuwa akinihesabia kwa sauti, na mikono ilipochoka kijana mwingine akanipokea. Alitapika, tukamgeuza ubavu, akakohoa. Hospitali alipelekwa vilevile, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Sitaki kumdanganya mtu: wapo wengine niliowabonyeza na hawakukohoa.

Hofu nyingine nazijua. Watu wanaogopa polisi na kuulizwa maswali, wanaogopa kuvunja mbavu, wanaogopa kumwekea mgeni mdomo, na akiwa mwanamke ndiyo kabisa wanasimama kando. Ubavu uliovunjika unaunga. Anayeogopa mdomo na abonyeze kifua tu, ni afadhali mara mia kuliko kutazama, huku mwenzake akipiga 112.

Sasa ombi langu. Nchi ya Denmark iliweka somo hili kwenye shule za msingi mwaka 2005, na tangu 2006 anayetafuta leseni ya udereva lazima alipitie. Mwaka 2001, kati ya watu waliosimama moyo nje ya hospitali, waliosaidiwa na raia waliokuwa karibu walikuwa kama mmoja kwa watano. Kufika 2010 walikaribia nusu. Waliokuwa hai baada ya siku 30 walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Yalikuwepo na mambo mengine, kama mashine za kushtua moyo na maelekezo ya kubonyeza yanayotolewa kwa simu ya dharura, lakini leseni ilimfikia mtu ambaye kwa hiari yake asingekwenda darasani.

Na sisi leseni tunazo. Mvuvi anakata ya kwake halmashauri, chombo kinakaguliwa, nahodha anaulizwa jaketi okozi. Aulizwe na hili, tena siyo kwa karatasi: apige magoti, abonyeze mwanasesere wa mafunzo mbele ya mkaguzi mpaka jasho limtoke. Dereva wa bodaboda naye vivyo hivyo.

Muda wa kufundisha upo. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, wanakaa nchi kavu wanashona nyavu na kuniletea injini. Chama cha Msalaba Mwekundu na waganga wa hospitali za Bugando na Sekou Toure wakituletea mwalimu mmoja na mwanasesere mmoja siku hizo, kwa zamu, Igombe, Kayenze, Kirumba, hata visiwani Ukerewe, watawakuta watu wote. Kwa mwalo wetu turubai la kivuli nitatoa mimi, na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, nimeshaongea nao, wamekubali.

Fundi injini,
Ilemela, Mwanza