Madirisha yafungwe kabla ya saa mbili asubuhi

Mwanangu,

Nyumba yetu haina kiyoyozi, na hapa Missoula, Montana, nyumba nyingi za zamani hazina. Walioijenga walijua kwamba usiku wa bonde hili ni wa baridi hata Julai. Mchana joto hufika nyuzi 30, wiki mbaya likapita 35, lakini alfajiri kipimajoto kinasoma 10 au 11. Tofauti hiyo ndiyo kiyoyozi chetu. Kazi yako mpaka nitakaporudi Septemba ni kuiingiza baridi ndani usiku na kuifungia humo asubuhi. Ukikosea saa, Bibi hatalala, na wadogo zako watashinda wakigombana.

Usifungue madirisha eti kwa sababu jua limezama. Mwishoni mwa Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku, na kuta za magharibi hubaki na moto kwa muda mrefu baada ya hapo. Kuna vipimajoto viwili: kimoja nimekining'iniza nje upande wa kaskazini, mahali jua halifiki, kingine kiko sebuleni. Cha nje kikishuka chini ya cha ndani, fungua. Mara nyingi ni kati ya saa nne na saa tano usiku. Hewa ya baridi ni nzito, hutelemka kama maji kutoka korongo la Hellgate na bonde la Rattlesnake, kwa hiyo feni ya kwanza ikae dirisha la chini, upande wa mashariki, ikipuliza ndani. Ya pili ikae ghorofani, upande wa magharibi, ikipuliza nje. Watu wengi huelekeza feni zote mbili ndani, kisha wanalalamika kwamba chumba hakipoi. Hakiwezi kupoa, joto halina pa kutokea. Milango ya vyumba yote ibaki wazi usiku, iegemeze kwa kitu kizito, maana feni huivuta ikajifunga.

Asubuhi, kabla ya saa mbili, funga kila kitu. Mapazia ya mashariki yashushwe papo hapo, ya magharibi kabla ya adhuhuri. Saa nane mchana utamwona jirani amefungua madirisha yote apate upepo. Muache. Upepo wa saa nane ni joto tu linaloingia ndani. Oveni usiiguse kuanzia Julai. Maharage yaloweke jioni, uyachemshe saa kumi na moja alfajiri madirisha yakiwa bado wazi, mchana yabaki ya kupasha tu. Samaki akaangwe nje, kwenye jiko la gesi lile dogo. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba wala gereji hata kwa dakika moja, hata milango ikiwa wazi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua watu waliolala.

Hewa ya hapa ni kavu sana. Mvua ya mwaka mzima ni kama sentimeta 35, na nyingi huisha Juni. Midomo itapasuka, pua za watoto zitatoa damu kidogo usiku. Wapake Vaseline kabla ya kulala, na ndani ya tundu za pua kidogo sana. Ukiona mtoto ameketi kivulini anasema kichwa kinauma, mpe maji kwanza kabla ya dawa: hapa jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu huishiwa maji mwilini bila kujua. Kila mmoja abebe sweta akitoka jioni, hata kama mchana mlikuwa mnahema.

Sasa moshi. Julai ikielekea Agosti misitu huwaka, kama si huku kwetu basi Idaho au pwani ya magharibi, na upepo hutuletea. Mwaka 2017 moto wa Lolo Peak na ule wa Rice Ridge, karibu na Seeley Lake, ulijaza mabonde haya moshi wiki kwa wiki. Siku za moshi, yote niliyokuambia juu ya madirisha yanageuka. Hewa ile ile baridi inayotelemka usiku hubeba moshi ikautandaza chini ya bonde, na juu yake hukaa tabaka la hewa ya joto linaloufunika. Ndiyo maana moshi huwa mzito alfajiri, ukapungua alasiri ardhi inapopata moto na upepo kuuchanganya juu. Kwa hiyo usiku wa moshi funga. Ukitaka kubadilisha hewa, subiri alasiri, na uangalie kwanza namba ya ubora wa hewa (AQI) kwenye ramani ya moto na moshi ya AirNow, mtandaoni. Chini ya 50 ni safi. Mpaka 100 inavumilika, ila Bibi asikae nje sana. Kupita 100 Bibi na mtoto mwenye pumu wabaki ndani. Kupita 150 hakuna wa kucheza mpira nje, hata wewe, na ukilazimika kutoka vaa barakoa ya N95. Ile ya kitambaa haizuii chembe za moshi. Namba hizo zikikawia kuonekana kwenye simu, utazame mlima Sentinel: herufi M ya saruji iliyo ubavuni ikianza kufifia ukiwa katikati ya mji, usisubiri simu ikuambie.

Kichungi cha chumbani tengeneza mwenyewe, usinunue mashine ya bei kubwa. Chukua feni ya mraba ya inchi 20 na kichungi cha tanuri la kupasha nyumba joto, cha inchi 20 kwa 20, kilichoandikwa MERV 13, kipimo cha jinsi kinavyonasa chembe ndogo. Namba ndogo kuliko hiyo huzuia vumbi ikapitisha moshi. Kichungi kinakaa mgongoni mwa feni, upande unaovuta hewa, na mshale uliochorwa ukingoni uelekee kwenye feni. Zungusha gundi pana ya kijivu pande zote nne pasibaki upenyo, maana hewa hupita penye njia rahisi ikakwepa kichungi. Wanaokibandika mbele hupata shida hiyo hiyo: feni inakisukuma, kingo zinaachia. Feni iwe mpya, ya baada ya 2012, kwa sababu za zamani zinaweza kushika moto zikizuiwa hewa, na hata hiyo mpya usiiache ikizunguka mmelala au hamko nyumbani. Iwashe chumba cha Bibi saa moja au mbili kabla hajaenda kulala, mlango umefungwa. Kichungi kikiwa cha kijivu kilichokolea au kikinuka moshi, badilisha. Siku hizo hakuna kukaanga wala kuwasha mishumaa, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa.

Kuna siku joto na moshi vitakuja pamoja. Hapo namba hazitakupa jibu lote. Ikiwa chumba cha Bibi kimefika nyuzi 30 na anasikia kizunguzungu, joto lina hatari kwake kuliko moshi wa 110. Mpeleke maktaba ya mji. Jengo lile jipya lina ubaridi, lina viti vizuri, na mtu hafukuzwi kwa kukaa mchana kutwa. Mwaka 2022 lilichaguliwa kuwa maktaba bora ya umma duniani, kwa hiyo usione haya kuwapeleka wote. Basi za Mountain Line hazitozi nauli tangu 2015.

Mto. Najua mtataka kuelea na matyubu kama kila mtu. Juni hapana. Theluji ya milimani inayeyuka, Clark Fork unajaa, unakimbia, na maji ni ya baridi kiasi kwamba mikono hufa ganzi upesi na mwogeleaji hodari akashindwa kushika tawi. Subirini katikati ya Julai, mawe ya kingoni yakianza kuonekana. Ingieni Sha-Ron, East Missoula, mtoke kwenye daraja la waenda kwa miguu la Van Buren, karibu na chuo kikuu. Msiendelee mpaka katikati ya mji: huko kuna Brennan's Wave, mawimbi yaliyojengwa kwa mawe na saruji mwaka 2006 kwa ajili ya wenye mitumbwi, na tyubu hupinduka hapo kirahisi. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea, wewe pia, mkubwa asipovaa wadogo watalivua. Viatu viwe vya kufunga kamba. Ndala huchukuliwa na maji dakika ya kwanza, na mtoto hujitupa kuzifuata.

Msifunge matyubu pamoja kwa kamba. Inaonekana salama, lakini tyubu moja ikipita kushoto kwa nguzo ya daraja na nyingine kulia, kamba inawashika nyote hapo na mto unawasukuma chini. Mti ulioanguka mtoni ni hatari kuliko jiwe, kwa sababu maji hupita kati ya matawi na mtu habanduki. Ukiuona mbele, piga kasia kwa mikono mapema, kuelekea upande mwingine. Aliyeanguka asijaribu kusimama kwenye maji ya kasi yanayopita magoti, mguu utanasa kati ya mawe. Alale chali, miguu mbele na juu, aelee mpaka maji yatulie. Haya uwafundishe mkiwa bado nchi kavu. Na kabla ya kuingia chekini anga la magharibi: mvua ya radi hupenda kuja alasiri, na mara nyingine radi inakuja bila mvua.

Shamba letu la bustani ya jamii linahitaji mtu kila siku ya pili, si kila siku. Lengalenga, yaani mchicha, zikifika urefu wa kiganja na nusu, kata juu ukiacha majani manne au matano ya chini zichipue tena. Ukingoja, joto la Julai litazifanya zitoe maua, na mmea ukishatoa ua, jani huwa gumu na chungu kidogo. Mwagilia asubuhi mapema, kwenye shina, taratibu mpaka udongo ulowe kina cha kidole kizima. Kunyunyizia juu juu kila jioni huifanya mizizi ibaki karibu na uso, na siku mbili za nyuzi 36 zinaimaliza. Mpira wa maji ukilala juani, maji ya kwanza yanayotoka yanaunguza. Yamwage pembeni mpaka yapoe, na watoto wasiuelekezee usoni. Maharage yafunikwe wavu, kulungu wa mjini hawaogopi watu na wanaanza na vikonyo laini. Pilipili na bilinganya zitachelewa, usizilaumu wala kuziongezea mbolea: usiku wa nyuzi 10 unazirudisha nyuma, na mbolea itakupa majani matupu.

Kama lengalenga zikizidi, mpe mama wa nyumba ya pili kwanza. Soko la wakulima ni Jumamosi asubuhi, mwisho wa kaskazini wa barabara ya Higgins, na kadi ya serikali ya msaada wa chakula inapokelewa. Nenda mapema kwa mayai, saa tano hayapo.

Dubu hushuka mjini Agosti na Septemba kutafuta matunda. Pipa la taka litoke asubuhi ya siku ya gari, kamwe usiku wake. Mifupa na mabaki ya samaki yakae kwenye friza mpaka asubuhi hiyo. Tufaha zichumwe zikianza kulegea, na zilizoanguka ziokotwe kila jioni. Dubu akishazoea chakula cha watu harudi tena porini kwa hiari, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa, kosa likiwa la mwenye mti. Mkienda kuchuma hakoberi, yale matunda madogo ya porini, milimani, pazeni sauti, na kopo la pilipili la kufukuzia dubu likae kiunoni, si ndani ya begi. Si dawa ya mbu, halipakwi mwilini. Ondoa kizuizi, elekeza chini kidogo mbele ya dubu, puliza akiwa kama mita tisa, wingu limkute akija. Kopo lisiachwe ndani ya gari juani, hupasuka.

Tarehe 4 Julai wadogo zako wataalikwa kwenye fataki. Ndani ya mji zimekatazwa, na majani kufikia hapo yameshakauka, kwa hiyo jibu ni hapana. Gari pia lisiegeshwe kwenye nyasi ndefu kavu, bomba la moshi linatosha kuwasha.

Kuanzia wiki ya pili ya Septemba angalia utabiri wa usiku. Ikitajwa nyuzi 2 au pungufu, tandika mashuka ya zamani juu ya nyanya na lengalenga kabla jua halijazama, yafike mpaka chini ili joto la udongo lisitoke. Plastiki isiguse majani, sehemu inayogusa inaganda. Asubuhi yaondoe barafu ikishayeyuka. Ikitajwa chini ya sifuri usihangaike na mashuka: chuma nyanya zote, za kijani pia, zipange sandukuni kwa safu moja jikoni, na kata lengalenga zote jioni hiyo. Mbegu za kichwa kikubwa kile cha pembeni ziache kwenye mfuko wa karatasi, nitazipepeta mwenyewe.

Mama yako