Barua ya Wazi kwa Kiongozi wa Wengi katika Seneti ya Pennsylvania

MINTARAFU: KUFUNGUA MAPEMA BAHASHA ZA KURA ZA POSTA

Mheshimiwa,

Nakuandikia kama mpiga kura wa jimbo hili, na kama mmoja wa makarani waliofungua bahasha za kura za posta mwezi Novemba 2020 katika mojawapo ya kaunti 67 za Pennsylvania. Sitetei chama chochote. Ninachoomba ni kifungu kimoja cha sheria, cha kuturuhusu kufungua bahasha hizo kabla ya siku ya uchaguzi, nacho kimo mikononi mwa Seneti yenu.

Sheria namba 77 ya mwaka 2019, ambayo vyama vyote viwili viliiunga mkono, ilimruhusu kila mpiga kura kutumia posta bila kutoa sababu. Muda wa kuzishughulikia kura hizo haikuutoa. Karani haruhusiwi kufungua bahasha hata moja kabla ya saa moja asubuhi ya siku ya uchaguzi, ambayo ndiyo saa ileile vituo hufunguliwa na ofisi za kaunti huwa tayari zimezidiwa na simu za mashine zilizogoma na daftari zisizoonekana.

Huenda wanaopinga ombi hili hawajapata kuiona kazi yenyewe. Bahasha ya nje hukaguliwa sahihi na tarehe, kisha hupasuliwa. Ndani yake mna bahasha ya pili isiyo na jina, ambayo hutengwa na ile ya kwanza ili asijulikane nani kampigia nani. Hiyo nayo hupasuliwa, karatasi hutolewa, hukunjuliwa, halafu hukunjwa upande wa pili ili mkunjo wake usikwamishe mashine. Mwaka 2020 jimbo letu lilipokea zaidi ya kura milioni 2.6 za namna hii. Nilipotoka kunywa chai, vidole vikiwa vimechanjwa na kingo za karatasi, niliikuta simu yangu imejaa ujumbe wa jamaa wakiniuliza kama ni kweli tunaiba kura.

Swali lao lilikuwa na chanzo. Kura za vituoni ndizo zilizohesabiwa kwanza, na wafuasi wengi wa Donald Trump walikuwa wamekwenda vituoni, ilhali wengi wa Joe Biden walitumia posta. Kwa hiyo Jumatano asubuhi Trump alikuwa mbele kwa zaidi ya kura 600,000, na kila tulipozidi kufungua bahasha pengo lilipungua, hadi Jumamosi ya tarehe 7 vyombo vya habari vilipomtangaza Biden, ambaye mwishowe alishinda kwa takriban kura 80,000. Karibu kura zote hizo zilikuwa zimeshafika kabla vituo havijafungwa. Lakini mtu aliyelala mgombea wake akiongoza, akaamka kashindwa, utamshawishi kwa lipi? Usiku wa kuamkia tarehe 7 Januari 2021, saa chache baada ya jengo la Bunge la Marekani mjini Washington kuvamiwa, wabunge 138 wa Baraza lake la Wawakilishi walipiga kura kuyakataa matokeo ya jimbo letu.

Bunge hilo la Washington lilirekebisha upande wake kwa sheria ya mwaka 2022. Sasa pingamizi dhidi ya matokeo ya jimbo halisikilizwi bila kuungwa mkono na moja ya tano ya kila baraza, na Makamu wa Rais hana mamlaka ya kuchagua kura za kuhesabu. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, inamtaka gavana aidhinishe matokeo siku sita kabla ya wajumbe wa jimbo wanaompigia Rais kura kukutana Desemba, kwa hiyo kila siku tunayoipoteza Novemba inatugharimu zaidi kuliko zamani.

Tazama Florida, inayoongozwa na chama chako cha Republican. Mwaka 2000 nchi nzima iliyasubiri matokeo yake ya urais kwa siku 36, ikabaki tofauti ya kura 537. Leo kaunti zake huanza kuzipitisha kura za posta kwenye mashine wiki kadhaa mapema, na anayetoa matokeo kabla ya vituo kufungwa hushtakiwa kwa jinai. Matokeo ya Florida mwaka 2020 yalijulikana usiku uleule.

Baraza la Wawakilishi la jimbo letu lilipitisha mwaka 2024 muswada wa kuturuhusu kuanza kufungua bahasha siku saba kabla ya uchaguzi. Kwenu ulikwama, kwa hoja kwamba lazima uambatane na sharti la kitambulisho. Mimi nilizaliwa Kenya, ambako hupigi kura bila kitambulisho, wala sioni tusi katika kuulizwa changu, mradi serikali iwape bure wasio nacho. Hilo lijadiliwe kwa muswada wake. Kulifunga pamoja na saa za makarani ni kutufanya sisi rehani ya mjadala usiotuhusu. Dola milioni 45 mlizozigawia kaunti kwa sheria ya mwaka 2022 tunazishukuru, na zinaweza kununua mashine za kupasulia bahasha, ila mashine hizo nazo husubiri saa moja asubuhi.

Naomba muswada kama huo wa siku saba upigiwe kura peke yake kabla ya uchaguzi mkuu ujao. Na ratiba yako ikiruhusu, siku ya uchaguzi fika katika kaunti yako asubuhi hiyo, ukae na makarani wanapopasua boksi la kwanza, uhesabu mwenyewe wamebakiza mangapi.

Wako mwaminifu,

Karani wa uchaguzi na mpiga kura, Pennsylvania