Risala ya Kikundi cha Usafi wa Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Choo Duniani, 19 Novemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na mtaa, wazee wetu, ndugu wananchi,

Tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi ukashuka hadi huku bondeni Msimbazi. Gari lako limebaki barabarani na umemalizia kwa miguu. Tunaomba radhi, ingawa uchochoro huo uliopita ndio kiini cha haja yetu leo.

Kikundi chetu kilizaliwa baada ya mlipuko wa kipindupindu ulioanza hapa Dar es Salaam Agosti 2015. Tangu hapo mafanikio ni makubwa mno: tumezibua mitaro, tumegawa ndoo za koki za kunawia mikono, tumehamasisha matumizi ya klorini kwenye maji ya kunywa, na tumepata pampu ya mkono na bajaji ya mizigo kwa ajili ya kunyonya vyoo.

Mheshimiwa, huku maji ya ardhini yako juu. Shimo la choo hukutana nayo kabla halijafika mbali, hivyo hujaa upesi. Wapangaji wa vyumba sita au nane wanatumia choo kimoja, mwenye nyumba anaishi kwingine, na gari la majitaka halipiti uchochoroni. Basi watu husubiri mvua kubwa ya usiku, wakazibua tundu la ubavuni na kutapisha choo mtaroni. Katika mtaro huo huo yamelala mabomba ya plastiki ya maji ya kunywa. Wakati wa mgao presha hushuka, na kiungio kilicholegea hufyonza maji ya mtaro. Maji yakirudi, ndoo ya kwanza ndiyo chafu kuliko zote, na ndiyo anayoikinga mama aliyeamka alfajiri kuwahi. Tukiambiwa tubadilishe tabia tunaitikia, na tumebadilika; lakini sabuni haiondoi kinyesi mtaroni.

Kunyonya tunakuweza. Kwanza tunaopoa shimoni nguo, pedi na chupa kwa kulabu, maana kitambaa kimoja kikinasa kwenye vali pampu haivuti tena. Tunamimina maji, tunakoroga hadi tope lilainike, tunajaza mapipa sita ya lita 60 yenye vifuniko vya kubana, kisha tunanyunyiza klorini palipodondokea. Bajaji hubeba lita 360, kwa hiyo kupunguza lita 1,000 tu ni safari tatu. Mabwawa ya majitaka yako mbali na mafuta yanameza malipo yote. Tukipandisha bei, mpangaji anarudi kusubiri mvua.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu ni moja: kituo cha kuhamishia majitaka kando ya barabara. Tunaomba tangi la zege la lita 10,000 lenye chekeche ya nondo mdomoni, mfuniko wa chuma wenye kufuli, bomba refu la kutolea hewa, na sakafu yenye mteremko unaorudisha tangini maji ya kuoshea mapipa. Mdomo uwe juu ya alama ya mafuriko, na kitako kiwe kinene na kizito, kwani tangi likiwa tupu wakati maji ya ardhini yamepanda huinuliwa likapasuka. Litapokea safari 27 za bajaji kabla ya kujaa, halafu gari kubwa litakuja mara moja kulimaliza.

Ombi hili, Mheshimiwa, si geni. Limesomwa kwa wageni rasmi wawili waliokutangulia. Wa kwanza aliahidi, tukapiga vigelegele. Wa pili alituma wataalamu wakapima na kuchomeka vigingi vinne vyenye rangi nyekundu. Vigingi vipo hadi leo, tumevilinda visigeuzwe kuni, rangi imeshabanduka. Hatusemi haya kwa kukosa adabu. Tunasema kwa sababu masika matatu yamepita juu ya vigingi hivyo, na kila masika vyoo vimetapishwa.

Tunakuomba, kwa heshima zote, kabla hujaondoka ututajie afisa atakayesimamia kazi hii na tarehe ya kuanza kuchimba, iwe kabla ya mvua za Machi. Nguvu kazi, mchanga na kokoto tutachangia wenyewe. Michoro na vipimo vimeambatishwa kwenye nakala tunayokukabidhi, na vigingi viko hatua chache kutoka lilipo gari lako.

Tunaomba kuwasilisha.